Mrejesho: manesi waliokuwa wanakwepa maswali ya chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi)

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje na manesi wa zahanati yetu, mama akiuliza "hii si ndo sindano ya kufunga uzazi?" wanachekacheka tu, mama anabeba binti yake anaondoka.

Basi semina ya slaidi tuliachana nayo kama mlivyoshauri, tukafanya maigizo, mmoja nesi mwingine mzazi mbishi. Sista mmoja aliigiza bibi wa mtaani mpaka tukatoa machozi, ila maswali yake yalikuwa yaleyale tunayokutana nayo dirishani.

Kilichosaidia zaidi ni ile sentensi ya kwanza. Zamani walikuwa wanauliza kwa uoga "mama, sijui utapenda achanjwe?", sasa hivi ni "mwanao ana miaka 10, leo ana chanjo yake ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi", alafu anatulia, mama akiwa na swali anajibiwa, akikataa halazimishwi. La uzazi wanajibu fresh tu: chanjo haifungi kizazi, saratani yenyewe ndo inaweza kufanya kitolewe.

Afu kumbe hata dozi walikuwa wanajichanganya, wengine bado wanasema mbili, wakati hapa Tanzania tangu 2024 ni moja tu kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14.

Waliobaki wagumu ni akina baba, na nesi mmoja ambaye binti yake mwenyewe hajachanjwa, huyo tunaenda naye taratibu.