Naomba ushauri: nusu siku Via Garibaldi, Genova, nikiwa na mama

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa walionizidi umri. Nawaomba waliowahi kufika Via Garibaldi, Genova, Italia, wanisaidie. Ni ule mtaa uitwao pia Strada Nuova, uliojengwa na matajiri wa mji huo katika karne ya 16. Kasri zake zimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006.

Jana jioni tulipita hapo, mimi na mama. Mtaa ni mwembamba mno! Ukisimama mbele ya kasri, shingo inauma kabla hujafika dirisha la juu. Nimerudi nyuma hadi nikagusa ukuta wa pili, nimejaribu kulaza simu na kuisimamisha, bado kila picha imekatwa. Kilichonigusa kweli ni ua wa ndani wa Palazzo Tursi, mojawapo ya kasri hizo: unaingia kutoka kwenye kivuli cha mtaa, ghafla ngazi na nguzo zinakupandisha macho kuelekea mwangani. Nilitamani nikae pale hadi usiku.

Kesho tuna nusu siku tu. Nataka kuingia Palazzo Rosso, kasri ambayo sasa ni makumbusho, kwa ajili ya michoro ya Van Dyck, mchoraji wa karne ya 17, na Palazzo Bianco, ambayo nayo ni makumbusho, iko mkabala. Ila magoti ya mama yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi.

Ninachoomba: kati ya Rosso na Bianco, ipi itamfaa mama bila kumchosha? Na ni saa ngapi mwanga huingia vizuri mtaani, nipate picha ya kasri nzima?

Natanguliza shukrani.