Mauti katika picha za Ulaya ni mwanamume au mwanamke? Sarufi haitoshi kujibu

Wakuu, kuna hoja inayorudiwa kila picha za kale za Ulaya zinapozungumziwa. Mjerumani humchora Mauti mwanamume kwa sababu neno lake, der Tod, ni la kiume. Mwitaliano na Mfaransa humchora mwanamke kwa sababu wao husema la morte na la mort, maneno ya kike. Ukishasema hivyo, watu wanaona shauri limekwisha. Mimi naona halijaisha.

Sikatai kwamba lugha ina mkono wake. Watafiti Segel na Boroditsky walipitia mamia ya picha za Ulaya ambamo mambo kama kifo, ushindi na wakati yamechorwa kwa umbo la mtu, wakakuta asilimia 78 zinafuata jinsia ya neno katika lugha ya msanii. Sisi tunaosema "mauti yamemfika", bila mume wala mke ndani yake, tunaliona jambo hili kwa urahisi zaidi.

Ila tazameni kibao kidogo cha mchoraji Mjerumani Hans Baldung Grien cha mwaka 1517, kilichoko Basel, Uswisi. Msichana yuko karibu uchi, mikono ameifumbata, macho mekundu kwa kulia. Nyuma yake Mauti amemkamata nywele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anamwonyesha chini, kaburini. Juu pameandikwa kwa Kijerumani: hapa huna budi kuingia. Sarufi ilimpa Baldung mwanamume tu. Haikumwambia avute nywele, wala haikumwambia kwamba anayevutwa awe binti aliyevuliwa nguo. Hayo aliyachagua mwenyewe, na wanunuzi wa picha za namna hiyo hawakukosekana. Tukisema "ni sarufi tu", tunamwondolea mchoraji dhamana ya kazi yake.

Sasa nendeni Pisa, Italia, kwenye makaburi ya Camposanto, mkautazame mchoro wa ukutani wa Mwitaliano Buffalmacco wa karne ya 14. Hapo Mauti ni mwanamke mwenye nywele ndefu na mabawa ya popo, ameshika fyekeo. Vilema na maskini wanamnyooshea mikono wakimwomba awachukue wapumzike. Anawapita. Anawaendea vijana wenye nafasi, waliokaa bustanini wakipiga muziki. Kila nikiitazama sehemu hiyo ya wale vilema, moyo unaniuma.

MCHANGIAJI: Mkuu, mifano yako yote miwili inaunga mkono sarufi! Mjerumani kachora mwanamume, Mwitaliano kachora mwanamke. Lete Mfaransa aliyechora mwanamume ndipo tuongee.

MLETA MADA: Swali zuri, na jibu lipo Paris. Mwaka 1424 hadi 1425, ukuta wa makaburi ya Innocents ulichorwa ngoma ya wafu: papa, mfalme, mkulima, kila mmoja ameshikwa mkono na maiti. Katika beti zake, anayesema haitwi la mort, yaani kifo. Ni le mort, yaani mfu wa kiume. Herufi moja tu imebadilika, na mwanamke ametoweka. Lugha yenyewe ilimpa Mfaransa milango miwili, akachagua.

Halafu kuna mchoraji Carlos Schwabe, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19. Katika picha yake moja, mchimba kaburi mzee yuko ndani ya shimo, theluji imetanda, na ukingoni ameketi Mauti kwa umbo la malaika wa kike, mabawa yake marefu yamemzunguka mzee, mkononi mwanga wa kijani. Hapa havutwi mtu nywele. La mort ya Kifaransa ilikuwepo karne nyingi kabla yake. Upole huu haukutoka kwenye kamusi. Ulitoka kwenye zama zilizopenda kumfikiria mwanamke kama mfariji, hata pale anapokuja kuua.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tunapozieleza picha hizi kwa Kiswahili, tusijifiche nyuma ya "a-" yetu isiyo na jinsia. Tumwambie msomaji wazi: huyu ni mwanamke, yule ni mwanamume.

Na hapa nina swali kwa wanaotafsiri. Fransisko wa Asizi, katika utenzi wake wa kusifu viumbe, anamshukuru Mungu kwa ajili ya "sora nostra morte corporale"; sora ni dada. Wajerumani wengine wameandika "Bruder", kaka. Mimi ningeandika "dada yetu mauti ya mwili", hata kama sikio litakwaruzwa kidogo. Anayeona "ndugu" inatosha, alete sababu zake.