Draya inazunguka vizuri ila haitoi moto kabisa, shida ni nini?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Niko Columbus, Ohio na nimechoka jamani. Draya yangu ni ya umeme, niliinunua mtumba mwaka juzi kwa jirani aliyekuwa anahama, haijawahi kunisumbua. Sasa tangu kabla ya Krismasi nikaanza kuona nguo zinatoka na unyevu, naweka mara ya pili, jinzi za baba watoto mpaka mara ya tatu, nikasema labda ni baridi tu ya huku. Jumamosi nimeweka mashuka yamezunguka saa nzima na kitu, nafungua mlango ni baridi kama nimeyatoa kwenye friji. Taa inawaka, ngoma inazunguka, kelele ni ile ile, ila joto hata chembe hakuna. Nyumba imekuwa mnada wa mitumba, nguo kwenye viti, kwenye ngazi, kwenye mlango wa bafu, na nje hakuanikiki kuna theluji. Nimempigia fundi, kuja kuangalia tu anataka dola 95, halafu kabla hata hajaiona ananiambia kwenye simu hiyo imekufa mama nunua mpya. Chujio la mlangoni nasafisha kila nikimaliza kufua, naapa. Kuna mtu yamemkuta haya? Mimi umeme naogopa ila baba watoto bisibisi anashika.

shemeji_wa_kaskazini
Pole sana shem 😂 kufunga kamba sebuleni ndio suluhisho letu sisi wengine, nguo zinakauka siku mbili na unanukia ubichi kazini. Ngoja wanaojua waje.

mzee_bisibisi
Pole dada, usinunue mpya bado. Nimetengeneza hizi mashine miaka mingi huku Massachusetts na hiyo yako sidhani kama imekufa.

Anza na cha bure. Draya za umeme za Marekani zinakula volti 240, yaani laini mbili za 120 zimeungana. Mota inayozungusha ngoma inatumia laini moja tu, koili ya moto inataka zote mbili. Laini moja ikikatika ngoma itazunguka na taa itawaka kama kawaida lakini moto hamna. Nenda kwenye boksi la breka tafuta breka pacha iliyoandikwa 30, izime mpaka mwisho halafu iwashe tena. Usiiangalie kwa macho ukasema iko sawa, breka iliyoruka nusu inadanganya.

Kama bado, basi hiyo hadithi ya kuweka mara tatu tangu Krismasi ndiyo inayonipa jibu. Hiyo mashine imekosa pumzi muda mrefu. Draya inavuta hewa inaipasha moto inaipitisha kwenye nguo halafu inaitupa nje pamoja na mvuke kwa lile bomba la nyuma la inchi 4. Bomba likiziba mvuke hauna pa kwenda, nguo zinachemka badala ya kukauka, na joto linajazana kwenye boksi la koili. Sasa pale kwenye boksi kuna fyuzi ya joto, kidude kidogo tu kina waya mbili, joto likizidi inakata, na ikishakata hairudi. Kwa hiyo ukibadilisha fyuzi bila kuzibua bomba, baada ya wiki kadhaa utarudi hapa kutulilia tena.

Mwambie mzee mwenzangu achomoe plagi kwanza, asizime swichi tu, ACHOMOE. Avute mashine mbele, atoe bomba, aingize mkono. Halafu atoke nje aangalie kile kifuniko cha ukutani kama kinafunguka. Akimaliza hapo atafute hiyo fyuzi, kwenye mashine nyingi unafungua bati la nyuma unaiona, atoe waya moja apime na mita kwenye ohmu. Nzima inasoma karibu na sifuri, iliyokufa haisomi kitu. Apime na koili, nyingi zinacheza kwenye ohmu 10 hivi, nayo ikiwa haisomi imekatika. Namba ya modeli iko kwenye fremu ya mlango, nunua spea kwa namba hiyo usinunue kwa kufanana. Na kama fyuzi inauzwa pamoja na thamostati yake, kile kidude kinachodhibiti joto, kwenye pakiti moja badilisha zote.

NB hii ni ya umeme. Wenye draya ya gesi msinisome mkaenda kufungua fungua, iteni mwenye leseni, na bomba la kutolea hewa la draya ya gesi likiziba kuna ile hewa ya sumu isiyo na harufu inabaki ndani mmelala.

dogo_janja_mn
Mbona mnazunguka sana, mi ya kwangu ilikata hiyo fyuzi nikazichukua zile waya mbili nikaziunganisha moja kwa moja nikafunga na tepu, mwaka mzima sasa inapiga kazi, dola sifuri.

mzee_bisibisi
Dogo nenda kaitoe leo. Sikutishi. Idara ya zimamoto ya serikali huku Marekani ilihesabu mioto ya draya majumbani kati ya 2008 na 2010 ikakuta kama 2,900 kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Wewe umemfukuza mlinzi halafu unatusimulia kwamba mwizi hajaja.

dogo_janja_mn
Duh. Sawa mzee nimekuelewa.

akinyi_westi
Kwani huko mnatoboa ukuta? Mimi niko Nairobi, yetu haina bomba kabisa, maji yanakusanyika kwa kitanki juu unamwaga. Lakini pia nayo imeanza kuchelewa kukausha, na kitanki kinatoka na maji kidogo sana, zamani kilikuwa kinajaa.

mzee_bisibisi
@akinyi hiyo ni ya kondensa, kile kipande kinachopoza mvuke uwe maji. Angalia chini mbele kuna kamlango, fungua uone kama kondensa inachomoka. Ikichomoka ioshe kwa maji ya mfereji mpaka uone mwanga unapita upande wa pili, iache ikauke kabisa ndio uirudishe. Maji kuwa kidogo maana yake mvuke haupoi, unatokea chumbani. Kagusie ukuta hapo karibu utakuta umelowa.

akinyi_westi
Ukuta umeshika ukungu nikadhani ni mvua!! Asante, narudi.

MamaWawili
Jamani nimerudi. Breka tulizima tukawasha, wapi. Basi jana usiku baba watoto kavuta mashine, heh. Lile bomba lilikuwa la foili la kukunjika kunjika kama akodioni, na kwa sababu mashine tuliisukuma mpaka ukutani lilikuwa limebanwa limelala bapa kama chapati. Tulivyolitoa likamwaga manyoya ya kijivu, yamelowa, yameshikana kama usufi wa mto uliochanika halafu ukanyeshewa, nimejaza ndoo moja na nusu siongezi chumvi. Nje kile kifuniko kilikuwa kimeziba manyoya na barafu juu yake, hakisogei hata ukisukuma kwa kidole, tumemwagia maji ya moto. Fyuzi haikusoma kitu kwenye mita, koili ikasoma 9 na pointi. Pakiti ya fyuzi na thamostati dola 22, bomba jipya gumu la alumini na mkanda wake kama 30. Leo asubuhi mashuka yale yale dakika 45, yametoka ya moto mpaka mtoto kajifunika nayo kochini hataki kuyatoa.

Ila mzee nina swali, chujio nasafisha kila mara kweli, sasa yale manyoya yote yalipita wapi?

mzee_bisibisi
Safi sana, na bomba gumu ndio lenyewe. Mkanda wa foili mmefanya vizuri, watu wanaunga kwa skrubu ndefu zinachungulia ndani zinakamata manyoya. Kona pia zisizidi, huku kanuni za ujenzi zinaruhusu futi 35 kwa jumla na kila kona kali inakula futi 5.

Kuhusu chujio, hakuna linalokamata yote, kiasi fulani lazima kipite, ndiyo maana bomba lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka. Lakini niambie, unatumia zile karatasi za manukato za kutupia kwenye draya pamoja na nguo? Lipeleke chujio kwenye sinki ulimwagie maji.

MamaWawili
Natumia, mbili mbili kabisa. Nimemwagia. Maji yamesimama juu yake kama kwenye sahani 😳

mzee_bisibisi
Hayo ni mafuta ya zile karatasi, yameziba vitundu, kwa macho unaliona safi kumbe hewa haipiti. Lisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo maji ya moto, likauke ndio ulirudishe. Na zile chuma mbili bapa ndani karibu na chujio, ile ni sensa ya unyevu, zifute kwa siki kidogo kwenye kitambaa, zikiwa na mafuta mashine inadhani nguo zimekauka inazima mapema.

bi_khadija_toronto
Mwanangu na vitambaa vya jikoni vyenye mafuta ya kukaangia usiviweke humo hata ukishavifua, mafuta hayatoki yote, vikirundikana vya moto vinaweza kuwaka vyenyewe. Mimi vyangu naanika.

MamaWawili
Shikamoo bi mkubwa, asante, hilo sikulijua kabisa na ndivyo nilivyokuwa nafanya. Na kanga je, zinaingia?

bi_khadija_toronto
Marahaba mwanangu. Kanga usiweke. Mimi nilitia doti mpya niliyoletewa kutoka Mombasa, ikatoka imerudi ndani, maneno yamekunjamana, na kipande kimoja kimekuwa kifupi kuliko mwenzake. Anika kivulini tu hata kama ni bafuni.