Naomba ushauri: figo ya mama imeanza kusumbua, tuuze kiwanja au tusubiri?

Kifungua Mimba
Habari za usiku wakuu. Mama yetu ana miaka 58. Mwaka jana mwezi wa tatu alipandikizwa figo, aliyemtolea ni mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka 26. Kabla ya hapo alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Baada ya upasuaji alirudi kuwa mama tunayemjua, anakunywa maji bila kupimiwa. Sasa kipimo cha Jumatatu kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huichuja, imetoka 112 hadi 238 na miguu inavimba. Mzee alituachia kiwanja Kibaha. Mimi naona tukiuze tumpeleke India, wadogo zangu wanasema tusubiri. Nisaidieni, silali.

Dalali wa Pwani
Pole mkuu. Kina hati au ni karatasi za serikali ya mtaa? Mnunuzi akishajua una mgonjwa anakukata nusu ya bei. Mimi niliuza cha Mlandizi mzee akiwa wodini, hadi leo nikipita pale nageuza uso. Na kama ni mirathi, wenzako wote lazima wasaini.

Mama Pendo
Pole mwanangu. Na huyo binti je? Miaka 26 abaki na figo moja, nani atamuoa? Mngetafuta mtoto wa kiume.

Nesi wa Zamu
Shikamoo Mama Pendo, hilo tusilieneze. Aliyetoa figo anaolewa na anazaa, ila akishika mimba awahi kliniki na presha yake ifuatiliwe kwa karibu.
Mleta mada, kreatinini haipandi hivyo bila sababu. Ameharisha? Ametumia dawa za maumivu, mitishamba? Vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo anameza vyote?

Kifungua Mimba
Anameza. Tumeweka kengele ya simu saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Mitishamba hapana. Mimi nauliza habari ya India.

Nesi wa Zamu
Dozi kamili, kila siku?

Mzee Baraka
Mke wangu alisafishwa damu miaka minne. Usiku nilikuwa naweka kiganja kwenye mkono wake wa kushoto, pale walipounganisha mishipa ya kusafishia damu, panatetemeka kama simu inayoita bila sauti. Nisipopagusa sipati usingizi. Usiku mmoja nikapagusa pako kimya, tukakimbizana hospitali na kanga tu. Kijana, jibu swali la nesi.

Kifungua Mimba
Sawa. Kuna wiki tano dozi haikutimia. Michango ya ndugu inaingia kwenye simu yangu, mimi ndiye ninayenunua dawa. Ada ya mwanangu ilibana, nikaichukua hela ya dawa nikijua mzigo wa duka utairudisha. Haukurudisha. Nikawa namwekea kidonge kimoja badala ya viwili kwenye kile kiboksi cha siku saba. Sukari imempunguzia macho, anameza ninachomwekea. Lakini alikuwa mzima kabisa, nikaona labda nusu inamtosha. Sikuiba, nilikopa. Daktari nilimwambia anameza zote, na mama alikuwepo. Ndiyo maana nataka kiwanja kiuzwe nirekebishe. Nimeshapokea kishika uchumba milioni 2, wadogo zangu hawajui.

Kijiti
Chai hii. Mtu ale hela ya dawa ya mama yake halafu aje kuianika humu? Subirini, kesho inawekwa namba ya michango.

Dalali wa Pwani
Hata mimi nimeshtuka. Kiwanja cha mirathi kipate mnunuzi kuanzia Jumatatu hadi leo?

Mama Pendo
Jamani, nilishaanza kumuombea.

Kijiti
Kama ni kweli aseme figo imewekwa wapi. Wengi wanadhani mgongoni.

Kifungua Mimba
Sijaomba hata shilingi. Imewekwa chini ya tumbo upande wa kulia, juu kidogo ya nyonga. Za zamani hazikutolewa. Mama akiongea na mdogo wangu kwenye simu huweka kiganja hapo na kuiita kwa jina lake, "wa kwangu nimemlaza hapa". Tangu jana anasema akipagusa panauma.

Nesi wa Zamu
Panauma? Na miguu imevimba? Ndugu yangu, funga simu mpeleke usiku huu, pale pale anapohudhuria kliniki, wanamjua. India iache. Hata ukiuza leo, safari na vipimo vitakula wiki, na mama hana wiki za kupoteza. Kupandikiza figo kumefanyika Muhimbili tangu 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018. Wataalamu tunao.
Mwili ukianza kuikataa figo, mara nyingi wakiwahi wanaweza kuuzuia kwa dawa za mshipani. Lakini daktari anayeamini dawa zimemezwa zote ataanza kutafuta pengine. Mtajie: kidonge gani, nusu, tangu tarehe ngapi. Usimwongezee dozi nyumbani ili kufidia. Na kabla ya kumeza za asubuhi waulizeni, maana kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa kabla ya dozi.

Kifungua Mimba
Nikisema, mdogo wangu atajua. Ile figo ni yake. Alikaa miezi bila kunyanyua hata ndoo, akisema mama akipona yeye amepona.

Mzee Baraka
Atajua. Basi ajue kwako, asije akajua kwa daktari. Mpigie sasa hivi.

Kijiti
Kama ni kweli, nisamehe mkuu. Nenda.

Kifungua Mimba
Saa 10 alfajiri. Tupo hospitali. Mdogo wangu ndiye aliyetafuta gari, nimemwambia njiani. Hakunijibu, alimshika mama mkono hadi tunafika. Daktari nimemtajia tarehe zote, ameandika, damu imeshachukuliwa. Hela ya kishika uchumba nairudisha kukikucha.
Sasa hivi mdogo wangu ametoka nje akaniomba kile kiboksi cha dawa. Nimempa.