Bodi inataka kutupeleka kozi ya uongozi Arusha siku tano, tufanyeje isiwe kama safari iliyopita?

DadaKibirizi

Mwakeye wadau, naombeni mawazo yenu hasa nyie mliowahi kuhudhuria hizi kozi za mameneja na viongozi wa juu au mnaoziandaa.

Mimi ni meneja msaidizi wa saccos moja, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Kigoma mjini, tupo wafanyakazi 14, wanachama wetu wengi ni akina mama wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, wauza mawese, walimu na vijana wa bodaboda. Bodi imepitisha hela ya kupeleka watu watatu kozi ya uongozi, siku tano, Arusha, yaani meneja, mimi na mkuu wa mikopo. Ukijumlisha ada, nauli na posho ni hela ndefu kwa ofisi kama yetu na hela yenyewe ni ya wanachama, ndo maana silali vizuri.

Kwa nini nina wasiwasi: miaka mitatu iliyopita meneja na mhasibu walienda kozi ya namna hii, chuo sitakitaja, wakarudi na mabegi yenye nembo na vyeti vizuri tu, cha meneja kipo ukutani nyuma ya kiti chake mpaka leo. Jumatatu aliyorudi nilikuwepo, alikuta mafaili 31 mezani yote yanasubiri sahihi yake, mpaka la mkopo wa laki mbili wa mama wa mawese ambao kamati ilishaupitisha. Akavua koti akaanza kusaini, akatoka saa moja usiku. Daftari la kozi sijawahi kuliona limefunguliwa tena. Na si mvivu jamani, ni mtu anajituma kuliko sisi wote, ndo maana inaniuma.

Halafu 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei mpaka 15 Agosti, akina mama wa dagaa walianza kuja kuomba tuwapangie upya marejesho, meneja alikuwa safarini Dodoma, hakuna aliyethubutu kuamua. Kuna mama mmoja alikaa kwenye benchi letu siku tatu mfululizo, kikapu chake kiko miguuni, kila asubuhi tunamwambia meneja anarudi kesho. Siku ya nne hakuja. Baadaye nikasikia alichukua hela kwa mtu wa riba ya mtaani ili atulipe sisi.

Sasa swali langu, hizi kozi kweli zinabadilisha kiongozi? Na kama zinabadilisha twende wapi, ESAMI ile taasisi ya mafunzo ya mameneja pale Njiro Arusha, Taasisi ya UONGOZI Dar, chuo cha utumishi Tabora hapo jirani, au tumlete mkufunzi hapahapa Kigoma? Nawasilisha.

---

Kasulu_Damu

Dada mimi naongea ninavyoona, nimefanya kazi sehemu tatu na kote kozi za mabosi ni posho na hoteli. Anayejua kuongoza anajua tu. Hiyo hela wagawieni wanachama gawio, masomo ya uongozi yamejaa YouTube bure kabisa.

---

Isevya2

Kasulu_Damu nakuelewa ila hapo sikubaliani na wewe. Saccos ina hela za watu wa hali ya chini, meneja akikosea kuamua anayeumia ni yule mama wa kikapu kwenye benchi, kwa hiyo kumfundisha kiongozi si anasa.

DadaKibirizi, mimi niko Tabora, kazi yangu ni mambo ya utumishi na mafunzo, nimepeleka watu kozi kwa miaka mingi. Nianze na vyuo maana ni rahisi. ESAMI ni taasisi ya nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, wana kozi fupi za mameneja, darasani utakaa na watu wa nchi mbalimbali na hiyo peke yake ina faida yake. UONGOZI ilianzishwa na serikali 2010, wanalenga zaidi viongozi wa juu wa umma, ile stashahada yao ya uongozi wanaiendesha na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland. Chuo cha utumishi hapa kwetu Tabora, ambacho wazee bado wanakiita Uhazili, ni kwa watumishi wa umma hasa. Ila mmesahau wa kwenu kabisa, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kile kimeanza 1963 kama chuo cha ushirika na kikawa chuo kikuu 2014, saccos ndo mkate wao na wana vituo mikoani. Waulizeni kabla hamjalipa popote.

Sasa kwenye ishu yenyewe. Kuna mtu anaitwa Donald Kirkpatrick, Mmarekani, mwaka 1959 aliandika kwamba mafunzo unayapima kwa hatua nne. Je waliyapenda, je walijifunza kitu, je wamebadilisha wanavyofanya kazi, na je ofisi imepata matokeo. Karibu kila mahali nilipopita tunaishia ya kwanza, ile fomu ya Ijumaa mchana mtu anaweka tiki chumba kizuri, chakula kizuri, mwezeshaji mzuri, huku jicho liko kwenye saa ya basi. Ya tatu haiwezi kupimwa Arusha, inapimwa mezani kwa meneja wako, jumatatu ile ya mafaili 31. Kwa hiyo wewe tayari ulishaipima ile kozi, na majibu unayo.

Ila msimlaumu mtu wala chuo haraka hivyo. Mlimtoa mtu kwenye ofisi, mkamfundisha kukasimu madaraka, yaani kuwaachia wengine baadhi ya maamuzi, halafu mkamrudisha kwenye ofisi ileile yenye utaratibu uleule kwamba kila karatasi ni sahihi yake. Hata angekuwa malaika angesaini. Kabla ya kusafiri mwenyekiti wa bodi akae nanyi watatu mkubaliane jambo moja la ofisini mnaloenda nalo, liandikwe, na mkirudi bodi iulize hilohilo kwenye kikao kinachofuata na kinachofuata tena. Nimeona kozi ya kawaida tu ikifanya maajabu kwa sababu bosi wa bosi aliuliza.

---

BintiUjiji

Naongezea hapo. Mimi nilipitishwa programu ya viongozi kazini, ilikuwa ya miezi tisa, darasani siku mbili mbili halafu unarudi kazini na kazi ya kufanya. Hiyo ya kurudi kazini katikati ndo iliyonisaidia, siku tano za mfululizo unajaa kama debe halafu inamwagika yote njiani Arusha mpaka Kigoma, na mnaijua njia yenyewe ilivyo ndefu.

Ulizeni pia wanafundishaje. Kama ni slaidi kuanzia asubuhi mpaka jioni achaneni nao. Harvard wamesomesha mabosi kwa kesi miaka na miaka, programu yao ya viongozi wa juu ipo tangu 1945, na Strathmore hapo Nairobi nao wanatumia hiyohiyo. Unapewa kisa cha ofisi fulani, kiongozi amebanwa, tarehe hii, hela hizi, watu hawa, unaulizwa ungefanya nini kesho asubuhi, na wenzako wanakubana mpaka utoe sababu. Pale ndo nilijijua kwamba naogopa kuamua kabla sijapata taarifa zote, na taarifa zote huwa hazipatikani. Hicho kisa chako cha mama wa benchi ni kesi kamili, kiandike kurasa mbili ubebe. Ukikaa na kesi za viwanda vya Marekani wiki nzima utaondoka na hadithi tu.

Tahadhari moja. Mkiambiwa kuna ile tathmini ya pande zote, kwamba bosi wako, wenzako na walio chini yako wanakujazia fomu bila majina, ni nzuri sana na mimi ilinitoa machozi, niligundua watu wangu walikuwa wananificha habari mbaya kwa kuogopa uso wangu ninavyoukunja. Sikujua kama naukunja. Lakini sisi tulikuwa wengi. Ofisi ya watu 14 haifichi mtu, ukiandika tu anatukata kauli kwenye kikao cha jumatatu tayari anajua ni nani, na mtabaki na kinyongo. Kwenu ifanywe kwa mdomo, na mtu wa nje wa kuaminika anayeongea na mmoja mmoja kisha anapeleka ujumbe wa jumla.

---

MzeeWaReli

Wanangu hamjambo. Nimestaafu, nimekuwa mkuu wa kitengo miaka mingi, nipo hapa Mwanga Kigoma na bustani yangu.

Mimi nitawapa kitu kisicho na nauli. Kulikuwa na Mwingereza Reg Revans, miaka ya 1940 alikuwa anashughulikia mafunzo ya mameneja wa migodi ya makaa ya mawe kwao, akaona kwamba mameneja wanajifunza zaidi wakikaa wao kwa wao na matatizo yao halisi kuliko wakifundishwa na mtaalamu. Wanakaa kikundi kidogo, mmoja analeta tatizo lake la kweli, wenzake wanamuuliza maswali, basi. Hawampi ushauri.

Sisi hapa Kigoma tulifanya. Tulikuwa sita, mimi, mkuu wa shule moja, matroni wa hospitali, kijana wa mizigo bandarini, mama mwenye gesti na mtu wa halmashauri. Kila baada ya wiki mbili, jumamosi saa kumi, kwenye baraza ya yule mama wa gesti, chai na mihogo, kwa muda wa saa moja na nusu tunamsikiliza mtu mmoja tu. Ngumu kuliko yote ni kukaa bila kushauri, mtu mzima ukisikia shida ya mwenzio mdomo unawasha. Ilipofika zamu yangu nikaeleza jinsi nilivyozidiwa na kazi, kila kitu kinanisubiri mimi, nikieleza kwa fahari kidogo naweza kusema. Matroni akaniuliza, mzee, ukilazwa kwangu wiki mbili, hizo karatasi zitakwenda wapi? Nikakosa jibu. Akauliza tena taratibu, na ni nani anafaidika zikikusubiri wewe? Usiku ule nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Jumatatu nikamkabidhi msaidizi wangu ratiba yote ya zamu na sikuirudia.

Nendeni Arusha kama hela ipo, mtaona watu. Ila mkirudi tafuteni wenzenu watano wa ofisi nyingine, wasiwe wa saccos, maana wa saccos atakushauri.

---

DadaKibirizi

Asanteni mno, BintiUjiji na Isevya2 mmenifungua, na mzee wangu shikamoo, hilo swali la matroni nimeliandika kwenye karatasi.

Jumapili baada ya ibada nilimpitia meneja kwake, nikamweleza yule mama wa benchi kama kisa, sikumwambia ni wewe umekosea. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, akasema dada unajua kwa nini nasaini kila kitu? Kabla hujaja kuna mkopo aliidhinisha afisa, ukawa chechefu, yaani haukurejeshwa, kwenye mkutano mkuu nikasimamishwa mbele ya wanachama mimi, si yeye wala bodi. Tangu siku hiyo nikasema kama jina litakalochafuka ni langu basi na kalamu iwe yangu.

Nimebaki sina la kusema. Nilidhani anapenda madaraka, kumbe anaogopa, na kozi ya kukasimu wamfundishe mara kumi ile hofu iko palepale. Sasa hapo inafanywaje?

---

Isevya2

Hapo umefika penyewe dada. Hofu yake ni ya haki, ofisi ilimfundisha kuogopa. Dawa yake iko kwa bodi. Bodi ipitishe kwa maandishi ukomo wa kuidhinisha, kwamba mkopo wa kiasi fulani kamati ikishapitisha mkuu wa mikopo anasaini na inatosha, kupanga upya marejesho wakati ziwa limefungwa nako hivyohivyo, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba ndani ya ukomo huo likiharibika anayejibu mkutano mkuu ni mwenyekiti pamoja na meneja. Angalieni sera yenu ya mikopo na masharti kwanza isije ikagongana. Na pendekezo alilete meneja mwenyewe, asiletewe.

---

MzeeWaReli

Sahihi kabisa. Na wewe binti usiende kulipeleka kwa mwenyekiti kwa mlango wa nyuma, hata ukiona anachelewa. Mtu aliyekufungulia moyo nyumbani kwake jumapili ukimzunguka hatakufungulia tena.

---

Kasulu_Damu

Nimesoma mpaka hapa, narudisha maneno yangu ya mwanzo kiasi. Ila kwenye posho bado nasimamia.

---

DadaKibirizi

Kasulu_Damu hata posho umesaidia. Tumekaa jana na meneja na mkuu wa mikopo, meneja kasema waende wawili, yeye na mkuu wa mikopo, mimi nibaki nikaimu hizo siku tano na nisaini kweli, wasinipigie simu wala mimi nisiwapigie. Hela yangu ya nauli na posho ikae, baada ya miezi miwili mkufunzi aje Kigoma siku mbili akae na wote 14. Tunawasiliana na Moshi kwanza kabla ya kuamua chuo. Na ukomo ameandika mwenyewe kwa mkono, ila tumekwama kwenye kiasi, yeye anataka tuanzie laki tatu, mkuu wa mikopo anasema laki tano maana mtaji wa mama wa dagaa msimu ukifunguliwa hauishii laki tatu. Kikao cha bodi ni alhamisi. Wenye saccos humu nyie mlianzia ngapi?

---

BintiUjiji

Chukua daftari la mikopo la mwaka jana, hesabu maombi yaliyokuwa chini ya laki tatu na yaliyokuwa chini ya laki tano, uone kila kiasi kingeondoa mafaili mangapi mezani kwake, na mangapi kati ya hayo yalikuja kuwa chechefu. Mpe meneja hiyo karatasi jumatano aisome mwenyewe kabla ya kikao.