Mahujaji wa miguu waendao Namugongo walale wapi, na gharama ibebwe na nani?

Hujaji wa Nakuru
Tumsifu Yesu Kristo. Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni tunakutana Namugongo, pembezoni mwa Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, na wengi wetu tunaotoka Kenya huvuka mpaka kwa miguu pale Busia au Malaba, tukashika barabara ya Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono. Mwaka jana kikundi chetu cha watu 31 kiliingia mji mmoja ng'ambo ya Mto Nile saa mbili usiku, mvua ikinyesha, tukakuta ukumbi wa kanisa umejaa watu hadi kwenye ngazi. Nyumba ya wageni iliyokuwa jirani, ambayo chumba chake siku za kawaida ni shilingi 25,000 za Uganda, ilitaka 70,000. Tulilala kwenye baraza la duka, wazee tukiwaweka ukutani na vijana upande wa barabara.

Naomba tulijadili jambo hili waziwazi. Je, ni haki kupandisha bei ya kitanda juma la hija? Na je, parokia zilizo kando ya barabara hazina wajibu wa kumpa malazi bila malipo kila hujaji atembeaye kwa miguu? Natofautisha makusudi, kwa sababu anayefika kwa basi na kulala hotelini ni mgeni wa sherehe. Hujaji ni yule aliyetembea.

Mama wa Kisumu
Ndugu yangu, nimeisoma habari ya baraza na imeniuma, lakini sentensi yako ya mwisho imeniuma zaidi. Nilitembea hadi Namugongo mara tatu, na mara ya tatu nilifika Mukono nyayo zikiwa na malengelenge yaliyopasuka na goti limevimba kiasi cha kushindwa kupiga magoti. Tangu hapo napanda basi. Nasali novena ileile ya siku tisa, naungama, nakesha pale uwanjani usiku wa kuamkia tarehe 3 kama wewe. Nani aliyekupa mamlaka ya kuniita mgeni wa sherehe?

Mkazi wa Iganga
Mimi nataka kuzungumzia neno "wajibu", kwa sababu linatamkwa kwa wepesi na watu wanaopita, nasi tunaobaki ndio tunaolibeba. Kwetu makundi huanza kupita tangu juma la tatu la Mei na hayakomi hadi mwisho wa mwezi. Kundi moja likiondoka alfajiri, jingine limefika adhuhuri. Kisima kinakauka, vyoo vinajaa, kuni zinakwisha, na hakuna anayerudi kutuuliza tulivirekebisha vipi. Mimi ni Mwislamu, na mwaka jana nyumbani kwangu walilala mahujaji 9 sebuleni, wakala walichokula watoto wangu, wala sikuwadai shilingi. Nilifanya hivyo kwa sababu mgeni ni mgeni. Ila atakayeniambia kwamba ni wajibu wangu, au wa paroko jirani yangu, nitamkumbusha kwamba wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Binti wa Bukoba
Sisi wa Kagera, Tanzania, huingilia mpaka wa Mutukula, tukapita Kyotera na Masaka, kwa hiyo barabara yetu ni nyingine lakini shida ni hiyohiyo. Naomba niulize jambo ambalo sijaona likitajwa: wanawake wanaotembea peke yao wanalala wapi? Katika kituo kimoja tuliwekwa darasa moja na wanaume zaidi ya 60, mlango hauna komeo, taa hakuna, na choo kiko nyuma ya shamba la migomba. Sikulala hata dakika moja.

Hujaji wa Nakuru
Mkazi wa Iganga, Mungu akulipe kwa wale 9. Hata hivyo hilo jembe limenichoma. Mtu aliyetembea siku nyingi, aliyefika kwako jioni na kuondoka kabla ya jua, hajakaa hata siku mbili, sembuse tatu. Kumtajia jembe mtu wa namna hiyo ni kumwambia kwamba yeye ni mzembe anayeishi kwa jasho la wengine. Mashahidi wote 22 walitembezwa kutoka Munyonyo, kando ya Ziwa Victoria, hadi Namugongo wakiwa wamefungwa kamba, na sisi tunaifuata njia ya mateso yao. Tunapoomba pahali pa kutandika mkeka hatuombi anasa.

Mwalimu wa Mukono
Tusahihishane kwa upendo, maana historia hii ni amana. Si wote 22 waliotembezwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo. Denis Ssebuggwawo aliuawa Munyonyo kwenyewe. Ponsiano Ngondwe, Athanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza waliuawa njiani, hawakufika. Matia Mulumba alifia Kampala na Noe Mawaggali alifia Mityana. Tena 22 ni hesabu ya Wakatoliki peke yao. Waanglikana wana mashahidi wao 23, na Papa Fransisko alipokuja tarehe 28 Novemba 2015 alianzia upande wao kabla ya kwenda kwenye madhabahu yetu. Nayasema haya kwa sababu yanagusa malazi moja kwa moja. Makanisa ya Kianglikana barabarani yana kumbi na shule kama zetu, lakini kila mwaka vikundi vyetu vinavipita vyote vikikimbilia parokia moja ambayo imekwisha kujaa.

Kuhusu shule, watu hudhani madarasa yapo yakisubiri mahujaji. Muhula wa pili nchini Uganda huanza mwishoni mwa Mei. Mimi nimeingia darasani saa moja asubuhi nikakuta madawati yamerundikwa uani, mawili yamevunjwa kuni, na ubao umeandikwa majina ya watu waliopita. Watoto wangu walisoma chini ya mwembe siku hiyo. Siwafungii mahujaji mlango, ila sikubali kuambiwa kwamba ninachotoa hakina gharama.

Mwenye Gesti, Njeru
Nimesubiri kuona kama kuna atakayewasemea watu wa kazi yangu, sijamwona. Nina vyumba 8. Kwa miezi mingi vinalala watu wawili au watatu kwa usiku, na kodi ya pango na mshahara wa wafanyakazi haviniulizi kama kuna hija. Juma la Namugongo nalipa ulinzi wa usiku, naongeza watu wawili wa kufua shuka, na maji nayanunua kwa madumu kwa sababu bomba hukatika. Mtu mmoja hulipia chumba, asubuhi wanatoka 11. Napandisha bei, ndiyo, na sioni haya kusema hivyo. Bei ya kutoka 25,000 hadi 70,000 siwezi kuitetea. Kwangu hufika 40,000. Lakini aliyelipa chumba kwangu kwa haki asiitwe mtalii, wala mimi nisiitwe mlanguzi wa imani.

Mama wa Kisumu
Umesema vizuri, kaka, na ndiyo hoja yangu. Mimi ninayelipa kitanda naacha nafasi moja ukumbini kwa asiye na kitu. Ndugu wa Nakuru bado hajanijibu.

Hujaji wa Nakuru
Mama, nakujibu. Neno lile niliandika nikiwa na uchungu wa usiku ule, na kwa mtu wa goti lako si neno la haki, naliondoa. Sitaliondoa kwa vijana wenye afya wanaoshuka kwenye magari tarehe 2 jioni, wakajaza vitanda vyote vya Kyaliwajjala na Kireka, jirani na Namugongo, ambavyo vilishikwa kwa simu tangu Aprili, huku aliyetoka Nakuru kwa miguu hana namna ya kujua atafika Lugazi Jumanne au Jumatano. Hapo ndipo bei inapopanda. Mwenye fedha anaishika siku. Mwenye miguu hajui siku yake.

Mkazi wa Iganga
Hilo la kutojua siku ndilo linalotuumiza hata sisi wenyeji, na ndugu, ungelianza nalo. Wakija 40 tuliowatarajia, tunapika. Wakija 200 tusiowatarajia, tunafunga mlango, kisha tunaonekana watu wabaya. Na kuhusu jembe, sikumaanisha uzembe. Nilimaanisha jembe lenyewe. Miaka miwili iliyopita lilipita kundi kutoka upande wa Bungoma. Kabla ya kuondoka vijana wao walichimba shimo jipya la choo nyuma ya kanisa, wakaezeka kwa mabati waliyochangiwa na wafanyabiashara wa hapa, baadhi yao Waislamu wenzangu. Choo kile kinatumika hadi leo. Kundi lile likirudi, hakuna atakayewauliza wana fedha au hawana. Namugongo si geni kwetu pia, kwa kuwa Mutesa wa Kwanza, Kabaka (mfalme) wa Buganda, aliwaua Waislamu palepale katika miaka ya 1870, kabla ya mwanawe Mwanga kuwaua Wakristo.

Mwalimu wa Mukono
Shimo la choo nalikubali kuliko shilingi 5,000 kwa kichwa, ambayo baadhi ya vituo vimeanza kudai bila stakabadhi. Ila naomba vijana hao wachimbe siku ya kufika, si ya kuondoka. Anayeondoka saa kumi usiku hachimbi kitu.

Binti wa Bukoba
Wakubwa zangu, shikamooni. Mmebishana juu ya neno hujaji, juu ya jembe, juu ya bei, na sasa juu ya choo, na nimeyasoma yote kwa heshima. Swali langu la mlango usio na komeo limepitwa mara mbili. Choo kipya nyuma ya kanisa, gizani, ni kizuri kwa kijana wa kiume. Mimi ningeizuia haja yangu hadi alfajiri, kama nilivyofanya.

Mama wa Kisumu
Binti yangu, marahaba, na utusamehe. Nami nimekuwa nikiutetea ugonjwa wa goti langu nikakuacha mlangoni.

Mkazi wa Iganga
Mwanangu, kwa kweli sikuwa nimelifikiria. Wale 9 waliolala kwangu walikuwa wanaume pekee, na sasa naona sababu. Wanawake walibaki kanisani kwa kuwa hawakunijua mimi ni nani.

Binti wa Bukoba
Basi niwaambie kituo kimoja kilivyofanya, upande wa Masaka, usiku uliofuata ule mbaya. Tulipofika, mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa parokia, alisimama langoni na daftari. Aliandika jina la kikundi, idadi ya wanawake, idadi ya wanaume, na namba ya simu ya kiongozi. Wanawake tulipewa darasa lililo karibu na nyumba ya masista, wanaume wakapelekwa ukumbini. Taa ya kandili iliwekwa kwenye njia ya chooni, na ufunguo ulikaa kwa yule mama. Alifunga saa tatu usiku, akalala kwenye mkeka mlangoni kwa ndani, akafungua saa kumi na moja. Hatukutozwa kitu. Asubuhi WAWATA wetu (Wanawake Wakatoliki Tanzania) walifagia madarasa yote na kurudisha madawati, nao vijana wakajaza mapipa ya maji. Kiongozi wetu alikuwa amempigia simu siku mbili kabla.

Mwenye Gesti, Njeru
Kwangu kuna chumba cha uani chenye mlango wa chuma, kinaingia mikeka 12. Mwaka ujao nitakitoa bure kwa wanawake kuanzia tarehe 25 Mei hadi tarehe 1 Juni, mradi apatikane mama wa kukaa na ufunguo, maana mimi ni mwanamume na wasimamizi wangu ni wanaume.

Mama wa Kisumu
Mimi napanda basi, kwa hiyo naweza kufika mapema. Nihesabu mimi hadi tarehe 29. Kuanzia tarehe 30 anahitajika mwingine, kwa sababu lazima niende Namugongo.