Mrejesho: Mkutano wa waliosoma shule yetu ya bweni, Tabora

Ndugu zangu, nilipouliza namna ya kuwakusanya waliosoma katika shule yetu ndogo ya bweni mkoani Tabora, na iwapo michango ielekezwe kwenye sherehe au kwenye shida ya maji, wengi mlinishauri nianze na daftari la usajili wa wanafunzi. Nawashukuru kwa dhati, kwa kuwa daftari hilo, ambalo jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa gunia, ndilo lililotupatia majina na vijiji vya wenzetu tuliokuwa tumepotezana nao kabisa.

Tulikutana wakati wa likizo ya Juni, na waliotoka Kigoma walikuja kwa treni. Kengele bado ni kile kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe. Mwalimu wetu mstaafu alipoigonga, watu wazima walijipanga mstari bila kuambiwa.

Kuhusu maji, tumekubaliana kuvuna mvua, maana milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1, hivyo bweni lenye paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 30 litatoa karibu lita 6,000, ukiacha kiasi kinachopotea. Kwa maoni yangu, fedha za michango zimepata kazi bora kuliko fulana za sare. Tenki linatakiwa kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba.

Kwa sasa tunaandika katiba ili tuombe usajili kwa Msajili wa Jumuiya, kwa sababu michango haipaswi kuendelea kukaa kwenye simu ya mtu mmoja.